Upepo Umeezua Nyumba: Namna ya Kuomba Msaada wa Maafa wa Serikali, Unguja na Pemba

Baada ya dhoruba, msaada wa Serikali unakwenda na orodha. Jina lako likiwemo, tena likiwemo sawasawa, siku mzigo unaposhushwa shehiani utaitwa. Likikosekana, au likiandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho chako, gari litapita mbele ya nyumba yako isiyo na paa, na mgawaji atakuonesha karatasi tu.

Nimekaa upande wa wanaoandika, katika kamati ya maafa ya shehia huku kwetu Pemba, na linaloniumiza kila baada ya upepo mkubwa ni lile lile: wenye haya ndio wanaokosa. Tuliwahi kubisha hodi kwa bi mkubwa mmoja ambaye kiambaza cha upande wa kusi kilikuwa kimelala chote, udongo umemwagikia mpaka juu ya kitanda cha kamba, na fito zimebaki wazi. Alikuwa ameshatundika kanga mbili kuziba pengo. Akatwambia, "Mimi alhamdulillahi, wanangu. Nendeni kwa wenye shida." Ikabidi mwenzetu mmoja akae naye chini, wazungumze habari ya mvua iliyokuwa ikifunga upande wa bahari, ndipo akakubali kutaja jina lake liandikwe.

Kujistiri ni tabia njema na ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini kuandikwa na sheha, msimamizi wa Serikali katika shehia, si kuomba. Ni kutoa taarifa ya maafa, na Serikali isipopata taarifa haiwezi kujua iombe mabati mangapi na magodoro mangapi. Anayenyamaza anaipunguzia shehia nzima hesabu yake.

Nani anashughulika na nini

Maafa si jambo la Muungano. Ukisoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Bara utakutana na mtendaji wa kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwetu hao hawapo, usipoteze siku kuwatafuta. Zanzibar ina sheria yake, Sheria Namba 1 ya mwaka 2015, na chombo chake, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, iliyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Chini ya Kamisheni kuna kamati za maafa za mikoa, wilaya na shehia.

Kwa mwananchi maana yake ni ngazi tatu za kushika kwa mpangilio. Ya kwanza ni sheha na kamati yake. Ya pili ni wilaya, yaani ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mtu wa kumuona hapo kwa mambo ya karatasi ni Katibu Tawala wa Wilaya. Ya tatu ni Kamisheni yenyewe. Aliyeko Pemba hana haja ya kupanda boti kwenda Unguja kwa jambo hili: Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais ina Afisa Mdhamini wake upande wa Pemba, kama zilivyo wizara nyengine.

Kuna jambo la kuliweka sawa mapema kwa sababu ndilo linalozaa manung'uniko mengi. Kinachotolewa ni msaada, si fidia. Fidia ni kulipwa thamani ya ulichopoteza. Msaada ni kukusimamisha mpaka ujiweze, na ukubwa wake unategemea kilichopatikana na watu wangapi wamekumbwa. Mara nyingi hutangulia vyakula, magodoro, mablanketi na vyombo vya kupikia. Vifaa vya kuezekea, vikipatikana, huja baadaye. Aliyepoteza nyumba ya milioni nyingi asitarajie kurudishiwa milioni zake. Hata hivyo aandike hasara yake yote kwa ukamilifu.

Saa za mwanzo

Watu kwanza. Waya wa umeme ulioanguka usiuguse wala usiuruke, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu ZECO, shirika la umeme, wanaweza kuurudisha wakati wowote. Wakataze watoto na wapigie ZECO. Kuta za udongo zilizokunywa maji huanguka baada ya mvua kukatika, si wakati wa mvua tu, kwa hiyo usilaze mtu karibu na kiambaza kilichovimba. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko yasinywewe maji yake bila kuchemshwa. Kipindupindu tumekiona mara nyingi visiwani na hupenda kufuata mvua kubwa.

Kama kuna aliyeumia, mpelekeni hospitali na hakikisheni mnapewa karatasi ya matibabu inayotaja sababu ya jeraha. Kama kuna aliyefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mazishi hayasubiri, lakini sheha na polisi wapate taarifa siku hiyo hiyo, na kifo kisajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Familia nyingi huliacha hili kwa majonzi, kisha hukwama kwenye mirathi na kwenye kila msaada unaotolewa kwa jina la marehemu.

Baada ya hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye fagio na jembe. Uzuie kidogo.

Piga picha kabla hujasafisha

Kusafisha ni kufuta ushahidi. Sisemi ukae kwenye matope ukingoja wakubwa waje. Nasema picha itangulie, hata kwa simu ya kuazima kwa kijana wa jirani.

Piga kwanza kwa mbali, ili nyumba ionekane pamoja na kitu kisichohama: mnara wa msikiti, mnazi, nyumba ya jirani, skuli. Picha ya bati lililokunjika peke yake inaweza kuwa ya popote. Kisha zunguka, upande mmoja mmoja. Kisha ingia ndani: paa lilivyo kwa kutazama juu, kila chumba, godoro lililorowa, gunia la mchele, cherehani, friji. Mtu mzima wa nyumba asimame katika picha moja au mbili. Zikishakamilika, zitume hapo hapo kwa WhatsApp kwa ndugu aliyeko mjini au Dar es Salaam, maana simu nayo inaweza kurowa au kuzima, na ujumbe uliotumwa unabaki na tarehe yake.

Ukishapiga, funika. Turubai, nailoni, makuti ya jirani, chochote. Kuacha vitu viendelee kurowa ili hasara ionekane kubwa ni kujidhulumu, na wakaguzi wanaijua tofauti ya godoro lililorowa usiku mmoja na lililoachwa mvuani kusudi. Mabati yaliyong'oka na kuharibika yapangeni pembeni mwa nyumba, msiyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka tathmini ipite. Wanunuzi hao hupita mapema sana baada ya upepo, na bei yao ya asubuhi ile ni ya kumnyonya mtu aliyechanganyikiwa.

Halafu kaa na daftari uhesabu. "Paa limeharibika" si hesabu. Hesabu ni hii: mabati 26 ya geji 30, yaliyong'oka 18, yanayofaa kurudishwa 7. Makombamoyo yaliyovunjika 5. Kiambaza cha chumba cha nyuma, urefu wa hatua sita. Magodoro mawili. Mchele kilo 25. Sare za skuli na madaftari ya watoto watatu. Namba zikiwa kamili mkaguzi huzinakili. Zisipokuwepo anakadiria mwenyewe, naye akadirie nyumba ngapi kwa siku?

Kwenda kwa sheha

Nenda mapema, siku ile ile au kesho yake. Usingoje tangazo. Ukimkosa, muone msaidizi wake au mjumbe yeyote wa kamati ya maafa ya shehia, na ukiwa umekatikiwa na njia, piga simu kisha ufuatishe karatasi njia ikifunguka. Katika siku hizo sheha anaandamwa na watu mia, ana simu isiyonyamaza, na huenda paa lake mwenyewe limekwenda. Taarifa ya mdomo huingia sikio hili. Ile iliyoandikwa inabaki mezani.

Barua ya kurasa tatu haina haja. Hii inatosha, badilisha yaliyo yako:

*Sheha,*
*Shehia ya ……………,*
*Wilaya ya ……………*

*YAH: TAARIFA YA MAAFA YA UPEPO, USIKU WA TAREHE ……………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni …………… (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho), kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi namba ……………, mkaazi wa ……………, simu ……………. Usiku wa tarehe hiyo, kiasi cha saa nane, upepo uliezua paa la nyumba yangu ya vyumba vitatu. Mabati 18 kati ya 26 yameng'oka na 11 hayafai tena. Kiambaza cha chumba cha nyuma kimeanguka. Magodoro mawili na mchele kilo 25 vimerowa.*

*Tunaishi watu 7, wakiwemo watoto wawili wa chini ya miaka 5 na mama yangu wa miaka 78 asiyeweza kutembea. Kwa sasa tumehifadhiwa kwa ndugu yetu, nyumba ya tatu kutoka msikiti wa Ijumaa. Tunachohitaji kwanza ni cha kufunikia paa na magodoro.*

*Naomba taarifa hii iingizwe katika orodha ya shehia na nyumba yangu ikaguliwe. Picha 6 zimeambatanishwa.*

*Jina, saini, tarehe. Shahidi (jirani): jina na saini.*

Andika nakala mbili. Moja mpe sheha, ya pili mwombe aigonge muhuri na kuweka tarehe ya kupokea, ubaki nayo. Huo muhuri ndio utakaokusemea wiki ya tatu, wakati mtu atakapokwambia hukuwahi kuripoti.

Angalia namna nilivyoitaja familia. Idadi ya watu na hali zao zina uzito kuliko thamani ya nyumba, kwa sababu chakula na magodoro hugawiwa kwa kuangalia vichwa. Mjamzito atajwe. Mwenye ulemavu atajwe, na aina ya ulemavu wake. Mgonjwa wa sukari aliyepoteza dawa atajwe. Kuna nyumba ambazo mtoto mwenye ulemavu husahauliwa kwenye hesabu kwa sababu wageni wakija huwekwa chumba cha ndani. Naomba sana, mtoto huyo awe wa kwanza kuandikwa.

Kabla hujaondoka, mwombe mwandishi akusomee mstari wako ulivyoandikwa. Sikiliza herufi za jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Huku kwetu mtu anaitwa Khamis kwenye kitambulisho, Hamisi kwenye daftari la sheha na Mzee Mkwe na mtaa mzima. Kwenye orodha liingie la kitambulisho, na lile la mtaani liwekwe kwenye mabano ili apatikane.

Vitambulisho vilivyochukuliwa na maji

Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu huna kitambulisho mkononi. Sheha anakujua, na taarifa ya maafa inaweza kuanza kwa ushahidi wake na wa majirani wawili. Lakini anza kukitafuta kipya papo hapo, kwa sababu ngazi za juu na malipo ya simu hayaendi kwa kujuana. Utaratibu ni kupata kwanza taarifa ya polisi ya kupotelewa, kisha barua ya sheha, kisha kwenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinashughulikiwa na Wakala huo huo, kwa hiyo maliza yote kwa safari moja. Vyeti vya skuli vina njia yake kupitia skuli na wizara ya elimu na vinaweza kungoja.

Nyumba ya nani?

Hapa ndipo kamati hutokwa jasho, na ndipo ugomvi wa ndugu unapoingia. Nyumba nyingi za shamba hazina hati. Zimejengwa juu ya eka za baba au juu ya kiwanja cha ukoo, na mwenye kuthibitisha ni sheha na wazee wa mtaa. Kwa msaada wa maafa hilo si kizuizi: kinachotazamwa ni nani alikuwa akiishi hapo na amepoteza nini. Lakini kuna hali nne zinazotaka uangalifu.

Nyumba ya urithi isiyogawanywa. Marehemu ameacha watoto wanane, wawili wanaishi ndani, sita wako Unguja, Tanga na Maskati. Wanaoishi ndani waandikwe kama waathirika, na kwenye safu ya mwenye nyumba iandikwe "urithi wa marehemu fulani". Ndugu wakubaliane, kwa ujumbe wa maandishi hata wa simu, nani atatia saini. Msilete mjadala wa mirathi mbele ya wakaguzi. Kadhi yupo kwa hilo, na mjadala ule ukianza uwanjani fomu ya nyumba yenu hubaki wazi huku ya jirani ikijazwa.

Mpangaji. Mwenye nyumba kapoteza nyumba, mpangaji kapoteza vitu na mahali pa kulala. Ni hasara mbili, mistari miwili. Nimeona wenye nyumba wakiandikisha mpaka magodoro ya wapangaji. Hiyo ni dhulma. Mpangaji, nenda mwenyewe. Usimwachie mwenye nyumba akusemee, hata kama ni mwema kwako.

Wake wenza. Mume mmoja, nyumba mbili, majiko mawili: hizo ni kaya mbili. Kila mke aandikwe kwa jina lake na kitambulisho chake pamoja na watoto wake. Mume akiandikwa peke yake kwa nyumba zote, mzigo utakaokuja ni mmoja. Mjane na mtalaka aliyerudi kwao, kama anapika chungu chake, naye ni kaya. Aliyesusiwa na mumewe na hajapewa talaka ndiye anayepotea kabisa kwenye orodha zetu, kwa sababu yeye anamwonea haya sheha na sheha anamwonea haya mume. Wanawake wa kamati wachukue jukumu la kumfuata nyumbani.

Na aliyejenga bondeni au kwenye njia ya maji. Aandike hasara yake bila woga, maana njaa haiulizi kibali cha ujenzi. Ila ajue kwamba kupewa msaada hakumpi ruhusa ya kujenga tena pale pale, na asitie bati jipya mahali alipokwisha ambiwa ahame.

Shamba, chombo na mwani

Ya bahari na shamba yana wakaguzi wao. Usiyamwachie sheha peke yake.

Mkulima amwone bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake. Kwa migomba na mihogo hesabu ni ya mashina au eneo. Kwa mikarafuu na minazi ni ya mti mmoja mmoja, na itenganishe: iliyong'oka na mizizi, iliyokatika katikati, iliyovunjika matawi tu. Mkarafuu ulioinama si mkarafuu uliokufa, na ukikata kuni kabla bwana shamba hajauona umeondosha ushahidi na huenda umeua mti ambao ungepona. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Wale wanaosema visiwa vyetu havijui vimbunga wakumbuke hilo, na wakumbuke Mei 2024, Hidaya ilipotukaribia mpaka safari za boti zikasimama.

Mvuvi amwone bwana diko, msimamizi wa pwani vinapotua vyombo. Chombo kilichosajiliwa na chenye leseni ni rahisi kuthibitishwa. Kisichosajiliwa kitahitaji mashahidi wa diko na maneno mengi. Andika aina, urefu, mwaka uliojengwa, mashine na nguvu zake, nyavu na madema. Mwenye chombo na mabaharia waandikwe tofauti, kwa sababu baharia kakosa kazi hata kama hana ubao wake majini.

Wakulima wa mwani, ambao wengi ni akina mama, hupoteza kamba, vigingi na mwani wenyewe, halafu bahari inafuta kila alama. Hesabuni kamba mlizokuwa nazo, taja kikundi kama mko kwenye kikundi, na mwende kwa pamoja na kiongozi wenu. Picha ya vigingi vilivyobaki, maji yakiwa yamekupwa, ina faida.

Kama chombo, vifaa au biashara ilinunuliwa kwa mkopo wa benki, wa kikundi au wa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, mwandikie mkopeshaji wiki hiyo hiyo ukiambatanisha nakala ya barua ya sheha. Kuzungumza kabla ya tarehe ya marejesho ni tofauti kabisa na kutafutwa baada yake. Na mwenye bima atoe taarifa kwa kampuni yake kwanza, asitengeneze chochote mpaka mkaguzi wao afike.

Siku ya tathmini

Timu itakuja, mara nyingi watu wa wilaya na kamati ya shehia, na pengine wa Kamisheni. Taarifa hutoka kwa sheha, mara nyingi kupitia msikitini. Kama huendi msikitini au mnalala kwa ndugu shehia nyengine, mwachie jirani namba yako akupigie. Awepo mtu mzima anayejua kilichopotea. Mtoto wa miaka kumi hawezi kueleza idadi ya makombamoyo.

Karibisha, onesha, toa daftari na picha. Usiongeze. Mtu akisema mabati 60 kwenye nyumba inayoezekwa kwa 26, mkaguzi humpunguzia mpaka kwenye yale ya kweli, na wa nyumba ya pili hudhaniwa mwongo kabla hajafungua mdomo. Usipunguze pia kwa unyenyekevu. Ukiulizwa "mnahitaji nini", usijibu "chochote mtakachojaaliwa". Taja.

Fomu isomwe kabla hujaitia saini au dole gumba. Asiyejua kusoma amchague mwenyewe mtu wa kumsomea, na fomu yenye nafasi tupu isitiwe saini na yeyote. Tazama hasa walipoandika kama nyumba imeharibika kwa sehemu au yote, kwa sababu hapo ndipo mgao unapotofautiana. Usipokubaliana, sema pale pale kwa upole, na uombe iandikwe kwamba hukukubaliana.

Kufuatilia bila kuchokesha watu

Orodha ikitoka kwa sheha inakwenda wilayani, kutoka huko inakwenda juu. Kimya cha siku kadhaa si ishara mbaya. Baada ya wiki moja muulize sheha swali moja tu: "Orodha yetu imeshapelekwa wilayani, na kwa tarehe gani?" Ukipata tarehe, iandike nyuma ya nakala yako. Baada ya hapo nenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya na nakala yenye muhuri. Hapo swali ni kama jina lako limo na limeandikwa vipi.

Jina likiwa limeachwa, rudi kwa sheha kwanza na umpe nafasi ya kurekebisha. Majina mengi huachwa kwa kuchoka, si kwa chuki. Asiporekebisha, andika barua fupi kwa Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ukiambatanisha nakala yenye muhuri na picha. Eleza tarehe, usieleze hasira. Kama ni familia kadhaa zimeachwa, andikeni barua moja yenye majina yote. Mwakilishi na Diwani wanaweza kusukuma jambo, na kwa kisima, barabara au skuli iliyoharibika wao ndio wa kuwaendea. Kwa nyumba ya mtu mmoja mmoja ngazi ya sheha na wilaya ina nguvu zaidi.

Kuandikwa hakulipiwi. Hakuna "ya mafuta ya gari", hakuna "ya fomu", hakuna "ya mkubwa". Anayekudai, awe nani, mripoti kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar. Na akikupigia mtu simu kwamba umechaguliwa kupata pesa za maafa, utaje namba yako ya siri au utume kwanza elfu kumi, kata simu. Msaada wa kweli unajulikana na sheha wako.

Milango mingine

Wakati orodha inapanda, usikae mikono mitupu. Chama cha Msalaba Mwekundu kina watu wake visiwani na mara nyingi hufika mapema. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulika na zaka. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iijulishe kamati yake, hasa kama kitambulisho cha mpango kimepotea au familia imehama. Na msikiti wenu, na ndugu zenu walioko nje, wanasaidia kwa urahisi zaidi wakiona daftari lile lile la hesabu kuliko wakisikia kilio kwenye simu.

Kupokea kutoka huku hakukuondoi kwenye orodha ya Serikali, lakini ukiulizwa, sema ulichopata. Turubai mbili kwa nyumba moja maana yake kuna nyumba isiyo na hata moja.

Siku ya kugawiwa

Nenda na kitambulisho na nakala yako. Hesabu vitu mbele ya mgawaji, kisha ndipo utie saini, na saini iwe ya kile ulichopokea kweli: kama karatasi inasema magodoro mawili na umepewa moja, pasahihishwe kwanza. Mzee au mgonjwa asiyeweza kufika aandike jina la atakayempokelea, na sheha alijue jina hilo kabla ya siku hiyo. Vifaa vya kuezekea vikija, viezeke. Mabati ya msaada yaliyouzwa huonekana, na yanaiharibia shehia yote safari nyengine.

Ikiwa mmelazimika kuhamia shehia nyengine kwa muda, msijiandikishe upya huko kama waathirika. Jina likionekana mara mbili linaweza kufutwa kote. Bakieni kwenye orodha ya mlikokumbwa, mchukue barua ya sheha wa zamani mumpelekee wa mnakokaa sasa, na kila mmoja wao awe na namba yenu ya simu inayopatikana.